Mwezi wa Mshono

Mume wangu, Daktari Aurelio Mancilla, alifariki alfajiri ya Jumanne, na kufikia mchana wanawake wa mtaa wetu walikuwa wamejaa jikoni kwangu, wakionyeshana matumbo.

Sikuwakataza. Yeye alikuwa sebuleni ndani ya jeneza, amevalishwa suti ya kijivu ambayo hakuipenda hata siku moja. Nje mvua ya mji wetu, Valdivia, ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake, bila haraka na bila nia ya kukoma. Jiko la kuni lilikuwa linawaka, na katika joto lile Bi Edelmira, muuza samaki, alipandisha sweta mpaka kifuani.

"Tazameni makovu. Hapa, hapa, hapa, na hili la kitovuni. Kuna anayeyaona?"

"Mi naona mafuta tu," alisema jirani yangu Herminda.

"Basi hiyo ndiyo kazi ya Daktari! Wa kwanza wa matundu mimi. Ninyi wengine mlikuja nyuma yangu."

"Wa kwanza wewe, mwenye kovu la maana mimi." Herminda naye akafunua lake, la mtindo wa zamani, lililoshuka kutoka chini ya mbavu za kulia kama reli ya treni. "Hili la mwaka sabini na nne. Humu aliingiza mikono yote miwili, na sijui kama hakuingiza na kichwa."

Padre akaingia kutafuta kahawa. Aliona alichokiona, akasema "Mungu awabariki," akarudi alikotoka kinyumenyume. Tulicheka hadi tukashikana mabega. Mimi sikuwa nimetoa chozi tangu alfajiri. Nilianza kwa kicheko, na machozi yakafuata njia ileile.

Watu wa kwingine hawatuelewi. Kwetu kusini mawe ya nyongo ni kama mvua, huulizi kama yatakuja bali lini. Bibi yangu alikunywa chai ya majani ya boldo, mti wa dawa wa kwetu, mpaka macho yakawa ya manjano, akazikwa akiwa bado kijana. Mama yangu alikatwa na daktari mzee mmoja aliyekuja kuwa mwalimu wa Aurelio, mtu aliyepima ukubwa wa daktari kwa urefu wa mkato wake. Mama aliugua kidonda kile muda mrefu, lakini alipona, akatuzikia wasiwasi wetu wote na kuishi hadi uzeeni. Aurelio aliufupisha mkato huo kidogo, akajua kuufunga vizuri zaidi, na wagonjwa wake wakaanza kutembea siku ya tatu. Ndivyo ufundi ulivyosogea, kidole kimoja baada ya kingine, kutoka mikono ya mtu hadi mikono ya mwingine.

Kulikuwa na kitu kingine kilichoandamana na mkato, ambacho hakikuandikwa katika kitabu chochote cha udaktari. Aliyekatwa hakuruhusiwa kunyanyua ndoo, kupasua kuni wala kusimama jikoni kwa mwezi mzima. Dada zake walikuja. Mumewe alijipikia mayai, akayaunguza, akayala hivyohivyo. Wanawake waliuita mwezi wa mshono. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba aliutamani, lakini nimewahi kumwona mwanamke akipokea habari za mawe yake kwa uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Mimi nilikatwa mwaka sabini na tisa. Daktari hamkati mke wake, kwa hiyo nilikatwa na daktari mwenzake. Nilikuwa na mwezi wangu kitandani kando ya dirisha, na baadaye sikuuzungumzia. Nilidhani hakuna aliyenitazama.

Mwaka tisini na tatu hospitali ilipata mkuu mpya wa upasuaji, Daktari Iturriaga, kijana kutoka mji mkuu, Santiago. Alileta mtambo wenye televisheni. Tangu siku hiyo nyongo ingetolewa kwa matundu manne madogo, kamera ikipita kitovuni na vyuma virefu vyembamba vikipita ubavuni. Aurelio alirudi nyumbani akanieleza huku akiuchezea mkate bila kuula.

"Mjerumani wa kwanza kutoa nyongo hivyo, alipowaeleza wenzake, walimcheka," alisema.

"Na wewe ulicheka?"

"Leo asubuhi. Kidogo." Akausukuma mkate kando. "Amesema atakayeshindwa kujifunza mpaka majira ya kuchipua atabaki na majipu na henia. Mimi nilimwuliza kama ananitisha. Akasema hapana, anasikitika. Afadhali angenitisha."

Alikuwa amepita miaka hamsini na tano. Nilimjua vizuri mtu yule. Hakuvua samaki, hakucheza karata, hakujua bei ya kitu chochote. Alikuwa na mikono yake na chumba kile chenye taa kubwa, basi. Wakimtoa mle, nitabaki na mwanamume wa kukaa dirishani akihesabu matone, na nitampoteza angali ananywa chai mezani kwangu. Hilo ndilo nililoliogopa.

Jumamosi iliyofuata alirudi na sanduku la kadibodi, lile la tufaha, akalitoboa juu liwe tumbo lake la kujifunzia. Iturriaga, kwa wema, alikuwa amemwazima vyuma virefu viwili kwa kila mwisho wa wiki. Aurelio alitia taa ndani ya sanduku, akaweka chungwa dogo, akaenda kwa shemeji yangu kuomba kamera ya video ya harusi. Aliiunganisha na televisheni ya sebuleni, kisha akanigeukia.

"Mnene wangu, nahitaji macho."

Hivyo ndivyo alivyoniita maisha yote, nami nilikuwa mwembamba kama fito.

Katika ufundi wa zamani mikono na macho ni vya mtu mmoja. Katika huu mpya daktari anatazama kioo cha televisheni, na kamera inashikwa na mwingine. Anaona kile tu anachoonyeshwa. Nililielewa hilo baada ya dakika chache, chungwa likipanda na kushuka kwenye televisheni kama mashua mbovu.

"Kushoto," alisema.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwa chungwa!"

"Chungwa lina kushoto?"

"Mama yangu! Basi juu. Juu, mnene wangu. Sasa tulia. Usipumue."

"Nisipopumua nitaanguka, na kamera ni ya shemeji."

Vyuma vile vilifanya kinyume cha mkono. Ukiupeleka mkono kulia, ncha inakwenda kushoto, ukiushusha, inapanda. Mtu aliyewashona mamia ya watu bila kutazama kidole chake alishindwa kumenya chungwa. Alilitoboa, akalirusha, akalilaani kwa Kihispania cha bandarini ambacho sikujua anakijua. Jumapili iliyofuata alilimenya nusu. Baadaye tulihamia mapaja ya kuku, kisha maini ya kondoo ambayo mchinjaji alituuzia na nyongo yake, na kitambaa cha meza cha mama mkwe wangu kikapata doa la kijani ambalo halijatoka.

Majira yote ya baridi tulikuwa hivyo, mvua nje na sanduku katikati yetu. Kwa miaka mingi nilikuwa nje ya mlango wa kazi yake. Alirudi akiwa na harufu ya dawa na ukimya, nami nilijifunza kutouliza. Sasa nilikuwa ndani. Nilijifunza kujua anachotaka kuona kabla hajasema, kwa namna bega lake lilivyoinuka. Siku moja nilisogeza kamera bila kuambiwa. Akatabasamu, macho kwenye kioo.

Ilibaki kumpata mgonjwa wa kwanza. Iturriaga angesimama pembeni kutazama, na kazi hiyo ingeamua kama Aurelio atabaki. Lakini nani atampa tumbo lake mzee anayeanza upya? Mmoja tu, Bi Edelmira, aliyekuwa na mawe na hakumwamini daktari mwingine yeyote. Alikuja Jumamosi na samaki ndani ya gazeti, akaketi, akasikiliza habari za matundu hadi mwisho.

"Hapana, Daktari. Nikate kama ulivyomkata Herminda."

"Edelmira, sikiliza. Kwa matundu unatoka hospitali kesho yake. Baada ya wiki moja uko sokoni."

"Ndicho ninachokiogopa."

Aurelio akanitazama. Nami nikatazama samaki.

"Nyumbani nina wanaume watano," alisema Edelmira. "Wote wana miguu, hakuna anayejua njia ya jikoni. Dada yangu anayekaa Corral ameshaahidi kuja. Nimeungojea mwezi huu tangu nilipoolewa, Daktari. Sasa unataka kunitoboa kama mbu na kunirudisha kwenye samaki? Na mume wangu Segundo akiliona tumbo langu zima, atasema nilikwenda kutembea."

"Kwa hiyo si kisu unachokitaka."

"Kisu cha nini? Nina wazimu? Nataka kulala!"

Aurelio alicheka, kisha kicheko kikamwisha usoni taratibu. Akaitazama mikono yake juu ya meza.

"Nipe nyongo yako," alisema, "nami nitakupa mwezi wako."

Siku ya upasuaji niliketi kanisani kwa sababu sikuweza kuketi nyumbani. Yaliyotokea nilisimuliwa na watu wengi, maana walikuwa wakigombea kuyasimulia. Kamera ilishikwa na nesi mmoja aitwaye Bwana Barría, mtu mpana ambaye milango ilimwogopa. Kazi ilikwenda polepole na vizuri. Nyongo ilipokuwa karibu kuachana na ini, pahali penye hatari, Iturriaga akiwa nyuma na mikono kifuani, Aurelio akasema kwa sauti yake ya Jumapili:

"Juu, mnene wangu. Sasa tulia. Usipumue."

Hakuna aliyepumua. Bwana Barría akageuza kichwa polepole.

"Daktari," alisema, "mimi na wewe hatujafikia huko."

Wanasema hata Edelmira, aliyelala kwa dawa ya usingizi, alionekana kutabasamu. Aurelio aliona haya mpaka masikioni, lakini kamera ilikuwa imepanda mahali hasa alipotaka, na mkono haukutikisika. Alimaliza. Barría aliitwa Mnene Wangu hospitalini mpaka alipostaafu.

Kisha Aurelio akatoka kwenye korido. Segundo alikuwepo na wanawe wanne, wamesimama mstari mmoja, kofia mikononi. Aurelio hakuwa mwongo. Hata kuwaambia wageni kwamba nimetoka, na mimi nipo chumbani, kulimshinda. Alivua kofia yake ya kitambaa, akakunja uso.

"Mkato wa zamani unaonekana, kwa hiyo mtu anajihadhari," alisema. "Huu umefichika ndani. Ndiyo hatari yake. Mwezi mzima asinyanyue kitu."

"Hata sufuria?" aliuliza Segundo.

"Sufuria hasa."

Wakati huo akahisi mtu nyuma yake. Alikuwa Iturriaga, aliyesikia kila neno. Yule kijana alikohoa, akamtazama Segundo, akawatazama wale wanne.

"Na kuni," alisema. "Kuni pia hapana."

Akampiga Aurelio begani na kwenda zake. Ndivyo mume wangu alivyojua kwamba amebaki.

Jioni ile nilimwekea supu. Alikuwa amechoka, mwenye furaha, kama mtoto aliyerudi kutoka ufukweni.

"Umewadanganya watu," nilimwambia.

"Nimewaandikia dawa." Akanywa vijiko viwili. "Wewe ulipokatwa, ule mwezi, ulikuwa ukisoma. Uliegemeza kitabu kwenye mto kwa sababu ya mshono. Nilikuwa nikirudi mchana kuchungulia kidonda, nakukuta umezama, nafunga mlango tena. Kabla ya hapo na baada ya hapo sijakuona na kitabu mchana." Akaweka kijiko chini. "Nilipaswa kufanya kitu. Sikujua nifanye nini. Nilijua kukata tu."

Niliinuka kwenda kuongeza kuni ambazo jiko halikuzihitaji. Miaka kumi na minne nilikuwa nikiubeba mwezi ule kama kitu nilichokiiba. Niliacha shule baada ya sekondari ili niolewe, na vile vitabu, vya kuazima, vilivyochakaa, nilidhani nimevisoma mahali ambapo hakuna jicho. Kumbe mlango ulikuwa ukifunguliwa na kufungwa, na mtu amevua viatu nje ili nisimsikie.

Habari haikuchelewa kusambaa. Edelmira alilala mwezi wake wote, dada wa Corral akapika, na Segundo akajifunza kukaanga samaki, jambo ambalo muuza samaki hakuwahi kulifikiria. Baada ya hapo wanawake walifika hospitali wakiomba matundu ya Daktari Mancilla, yale yenye mwezi. Ya madaktari wengine yalikuwa na wiki moja tu. Alifanya kazi hadi alipostaafu, na foleni yake haikupungua.

Tangu alipozikwa nimekuwa nikiandika asubuhi, mezani, mchana kweupe. Siandiki kwa ajili ya mtu. Naogopa tu kusahau alivyosema maneno fulani.

Siku hizi ufundi umesogea tena. Mgonjwa anaingia asubuhi na jioni analala kwake. Yasna, mke wa mtoto wa mwisho wa Edelmira, anatolewa nyongo Jumatatu na daktari msichana ambaye mkato mkubwa ameuona kwenye picha tu. Ni hodari, kila mtu anasema hivyo. Yasna ana watoto wawili, na zamu yake ya duka la dawa inaanza Alhamisi.

Nilimwendea mumewe, mmoja wa wale wanne wa kwenye korido, nikamwambia kwamba mwezi mzima mkewe asinyanyue kitu, na kwamba chumba cha mbele kwangu ni kikavu na kina dirisha. Akaniuliza ni daktari gani aliyeagiza. Nikamwambia ni Mancilla. Aliangalia chini kidogo, kisha akaniuliza kama mkewe aje na mto wake mwenyewe.

Yasna anakuja Jumatatu jioni.