Msumeno Usiojua Kuacha

Mumbere alikuwa fundi wa kukereza chuma mjini Butembo, na subira yake yote aliimalizia kwenye mashine. Nyumbani haikufika hata chembe. Mwaka uliopita wazee wa Beni walikuja kumposa binti yake, Bénite, kwa ajili ya kijana wao Élisée. Walipotaja mahari ya mbuzi kumi tu, Mumbere alipandwa na hasira, akasimama katikati ya mazungumzo na kuwafokea. Wageni wakachukua kofia zao, wakarudi Beni na njaa. Bénite alilia wiki nzima, na mama yake, Jokébed, akamnunia mumewe hadi ugali ukakosa ladha.

Sasa, kwa rehema za Mungu na ubishi wa Élisée, wazee wale walikuwa wanarudi. Jumamosi hiyo Jokébed alimshika mumewe mlangoni.

"Baba Bénite, leo utakaa. Hata nyumba iwake moto, utakaa. Ukisimama tena, bale batu habatarudia hata siku moja, na mutoto atatuzeekea hapa."

"Nitakaa, mama."

"Na atelier unafunga."

"Nafunga."

Kweli aliifunga karakana yake, iliyopakana na sebule. Ila hakusema alichokiacha kikifanya kazi ndani.

Kwa miaka mingi Mumbere alikata vyuma vinene kwa msumeno wa mkono, mpaka bega likakataa hata kuinua kitabu cha nyimbo kanisani. Basi akajitengenezea msumeno wa kuendeshwa na mashine yenyewe ya kukereza. Kwenye taya za mashine, pale panapozunguka, alibana sahani nene ya chuma; kando ya sahani akachomeka kipini; kwenye kipini akafunga mkono mrefu ulioshika fremu ya msumeno, fremu aliyoichonga kutoka kitanda kilichovunjika. Sahani ikizunguka, mkono unakwenda na kurudi, na msumeno unakata wenyewe, ukikandamizwa na kopo la mchanga. Chuma cha kukatwa alikibana juu ya reli za mashine, zile njia mbili laini ambazo zikiharibika, mashine imekwisha, na chakula cha nyumba nacho.

Asubuhi ile alibana chuma cha kinu cha mteja wa Oicha, akawasha, akatazama msumeno ukila chuma bila jasho la mtu. Alicheka peke yake. Kisha akavaa koti, akijiambia kwamba wageni wangemaliza kabla ya msumeno.

Hakumjua Apollinaire.

Huyo alikuwa mjomba wa Élisée na msemaji mpya wa upande wa Beni, mzee wa kanisa, na alikuja na mikrofoni na spika yake, ingawa sebule ilikuwa ndogo kiasi cha magoti ya wakwe kugusana. Alianza na salamu, akapitia tope la barabara, akamfikia Rebeka na ngamia wa Ibrahimu. Mumbere aliitikia kwa adabu, sikio lake likiwa nyuma ya ukuta. Kra, kra, kra. Vema.

Ngamia walikuwa bado wanakunywa maji pale sauti ilipobadilika, ikawa nyembamba na kali. Mumbere alilowa jasho papo hapo. Chuma kilikuwa kimekatika, na msumeno hauna macho. Ulikuwa umeshuka kwenye reli za mashine.

Alishika mikono ya kiti. Jokébed, kando yake, naye alisikia. Alimtazama mumewe, akaelewa yote, akafumba macho. Mlangoni kwa jikoni alisimama Bénite na sinia la vikombe. Hakuwatazama wageni wala mchumba wake. Alikuwa anatazama magoti ya baba yake, maana mwaka uliopita mambo yaliharibikia hapo.

Mumbere aliipenda mashine ile. Aliuza shamba la baba yake ili aipate. Akakaa. Alijikandamiza kitini, meno yakiumana, akisikiliza riziki yake ikikatwa na kitu alichokitengeneza mwenyewe.

"Donc, bakwe betu, sisi hatuna maneno mingi," alisema Apollinaire, baada ya saa nzima ya maneno. "Mwaka ule tulisema mbuzi kumi. Na leo tunarudilia ile ile, mbuzi ku..."

Spika ikanyamaza. Taa ikazimika. Umeme ulikuwa umekatika, na sebule nzima ikaguna. Nyuma ya ukuta msumeno nao ulikuwa umesimama.

"Haleluya!" alipaza sauti Mumbere, mikono juu, machozi yakimtiririka, makalio yakiwa bado kitini. "Bwana asifiwe! Wasingya, Mungu wangu, asante, wasingya!"

Watu waliduwaa. Kisha Apollinaire, ambaye kumbe hakuhitaji mikrofoni hata kidogo, akanguruma: "Munasikia, bandugu? Mukwe amekubali na machozi!"

Vigelegele vikapasua bati. Mumbere alifungua kinywa ili aeleze, akakutana na macho ya Jokébed, akakifunga.

Wageni walipoanza kunawa mikono ili wale, alichomoka mbio kwenda kuzima swichi kabla umeme haujarudi. Bénite alimfuata. Reli moja ilikuwa na mfereji wenye kina cha ukucha. Mashine ilikuwa imejeruhiwa, lakini ingefanya kazi.

Bénite alipitisha kidole kwenye jeraha lile.

"Papa, ulisikia wakati iko nakata?"

"Nilisikia tangu mwanzo."

"Na haukusimama?"

Mumbere alijifanya anatafuta kitu kwenye sanduku la vifaa. "Mama yako alisema nikae."

Bénite alimkumbatia kwa nguvu, na gauni lake jipya likapata grisi ambayo haikutoka tena.

Siku hizi msumeno una ndoano inayovuta swichi mara tu chuma kinapokatika. Élisée alisaidia kuifunga. Mfereji Mumbere hakuuziba. Mteja akiuliza nani aliumiza mashine nzuri namna ile, yeye hupangusa mafuta kwa kitambaa na kujibu:

"Pale njo niliozesha mutoto yangu."