Mlango wa Duka la Murugi

Murugi alikuwa fundi wa nguo pale Mukurweini, nami nilikuwa fundi wa baiskeli katika chumba kilichopakana na chake. Sote tulikuwa wapangaji wa Mzee Ngatia, aliyejenga ile ploti ya vyumba vinne vya mawe mwaka mmoja baada ya uhuru. Murugi aliingia mwaka wa sitini na nane, mjane mwenye watoto wawili na cherehani moja. Kufikia sabini na tatu, ungeingia shule yoyote ya karibu ungekuta watoto wamevaa sare alizoshona. Ngatia mwenyewe alizoea kusema, tukitoka kanisani, kwamba wapangaji wote wangekuwa kama Murugi, yeye angezeeka bila mvi.

Mwaka huo kahawa ilikuwa na bei nzuri, na mpwa wake Ngatia akarudi kutoka Nairobi na wazo la kufungua duka la dawa za kunyunyizia kahawa. Alitaka chumba cha Murugi kwa sababu kilikuwa cha kona, kimetazama barabara na soko. Jumatatu moja asubuhi Ngatia alikuja akasimama kizingitini, nami nikisikia kutoka kwangu, akamwambia kwamba Jumamosi ampishe mpwa wake.

"Nimesikia, Mzee," Murugi akasema. "Lakini siku tano hazinitoshi, na shule zinafungua Januari."

Ngatia aliinamisha kofia kidogo na kwenda zake.

Jumamosi alifika na pikapu na wanaume wawili. Walifungua bawaba za mlango, wakauinua, wakaulaza juu ya pikapu kama wanaobeba kitanda. Murugi aliinuka, akafunika vitambaa vilivyokuwa mezani visiingie vumbi, kisha akaketi tena kwenye cherehani. Mimi nilisimama nje na spana mkononi, nikanyamaza. Ninasema hilo sasa kwa sababu baadaye watu walinisifu, na siku hiyo sikustahili sifa yoyote.

Siku hiyo hiyo Murugi alikwenda kwa chifu. Chifu alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba nyumba ni ya aliyeijenga, na kwamba yeye na Ngatia walitahiriwa mwaka mmoja, hivyo hawezi kumwaibisha mbele ya watu. Murugi alimshukuru. Jumatatu akapanda basi la kwanza kwenda Nyeri, akaniachia duka nilichunge.

Aliporudi jioni alinieleza yote huku akila viazi alivyoletewa na mke wangu Kabura. Kwa DC, mkuu wa wilaya, walimwelekeza ofisi nyingine, na huko wakamwelekeza chumba cha nyuma alikokuwa karani mmoja aitwaye Masinde, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye miwani mizito. Masinde alimuuliza kama chumba ni cha biashara, kama alipewa barua yoyote, na kama ameshatoka. Kisha akamweleza kwamba tangu mwaka wa sitini na tano kuna sheria inayowalinda watu waliokodi maduka na hoteli. Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji kama huyo kwa mdomo. Lazima aandike notisi kwenye fomu yake, aseme sababu, na ampe miezi miwili. Mpangaji asiporidhika ana baraza lake maalum la kesi za maduka. Wakuu wake hutoka Nairobi na kusikiliza kesi za Nyeri siku chache kwa mwaka. Siku iliyokuwa karibu ilibakisha wiki tano.

Masinde alimsaidia kujaza malalamiko, akagonga muhuri, na alipokuwa anampa nakala akamwambia, "Mama, usitoke kwa hiyo nyumba. Ukitoka, atasema ulihama mwenyewe. Kaa hapo, ushone."

Akakaa, akashona. Alitundika shuka la amerikani pale palipokuwa na mlango, na kila jioni tulibeba cherehani pamoja tukaiweka kwangu chini ya kufuli. Asubuhi tulirudisha. Upepo wa Novemba unaoshuka kutoka mlimani ulimwingilia hadi akawa anashona amevaa koti na kitambaa cha shingo. Wateja hawakupungua. Kina mama waliokuja kupima watoto wao walikaa muda mrefu kuliko walivyohitaji, wakisuka vikapu vyao kwenye benchi, ili asionekane yuko peke yake.

Wiki ya tatu Ngatia alinijia mimi. Alikaa juu ya sanduku langu la minyororo, akaulizia watoto, akaulizia mguu wa mama yangu. Halafu akasema kwamba ataitwa Nyeri, na kwamba ingemsaidia kama jirani angeeleza baraza alivyomsikia Murugi akikubali kuhama. Hakunitisha. Alisema tu kwamba ameona chumba changu ni kidogo kwa kazi yangu, na kwamba pale nyuma pana nafasi ya kukiongeza.

Nilimwambia nitafikiri, na kweli nilifikiri siku mbili. Niliona baiskeli zangu zikipangwa katika chumba kipana, na pia nilijiona nikifukuzwa, nikizitoa nje moja moja. Nilipomweleza Kabura, hakuacha kumenya maharagwe.

"Leo ni mlango wa Murugi," akasema. "Siku Ngatia akikosana na wewe, nani atasema aliyoyaona?"

Kesho yake nilimfuata Ngatia nyumbani kwake, nikamwambia kwamba nikiulizwa nitasema nilichosikia, na sitasema zaidi. Akaniitia chai. Nilikunywa nikiwa nimesimama.

Siku ya kesi tulipanda basi moja, Murugi, Ngatia na mimi. Tulisalimiana na tukakaa mbalimbali. Murugi alikuwa amevaa gauni la kijani alilojishonea kwa siku hiyo, na katika mfuko alikuwa na nakala ya malalamiko na vitabu vya risiti za kodi vya miaka mitano. Nilimuuliza kama anaogopa. Akasema aliogopa ile Jumamosi, hofu ikaisha siku Masinde alipomwonyesha sheria iliyoandikwa kwa maneno anayoweza kuyasoma.

Ngatia alisema vizuri mbele ya baraza. Alieleza alivyompokea mjane asiye na kitu, na alivyomwambia mapema, naye akakubali. Mwenyekiti, mtu wa suti ya kijivu ambaye hakupandisha sauti hata mara moja, aliomba aonyeshwe notisi. Ngatia akasema kwamba kwetu watu wazima wanaambiana kwa mdomo. Murugi alipoulizwa alieleza siku, saa na maneno, akamaliza. Kisha nikaitwa mimi.

"Ulimsikia mama huyu akikubali kuhama?"

"Hapana," nikajibu. "Alisema amesikia. Kusikia si kukubali."

Mwenyekiti aliandika hilo. Hawakuchukua muda. Wakaamua kwamba Murugi bado ni mpangaji halali, kwamba mlango urudishwe ndani ya siku saba, na kwamba Ngatia akikitaka chumba afuate sheria, alete sababu zake zipimwe.

Siku ya sita Ngatia aliuleta mlango, na safari hii alikuja na seremala. Aliushika mwenyewe upande mmoja bawaba zilipokuwa zikifungwa, akaufungua na kuufunga mara tatu kuona kama unakwaruza sakafu.

"Ungekuja kwangu tungeongea," akamwambia Murugi.

"Mzee, ulikuja kwangu mara mbili," Murugi akajibu. "Mara zote mbili ulikuwa umeshaamua."

Ngatia alimlipa seremala, akaaga kila mmoja kwa jina lake, akaenda.

Nilikaa nikingoja zamu yangu ya kufukuzwa, na haikuja. Mpwa alipata chumba upande wa pili wa soko, akauza dawa zake huko. Mwaka wa sabini na tano Ngatia alitaka kuongeza kodi, na safari hiyo alileta notisi kwa fomu, imepigwa chapa. Murugi alitusomea sisi wapangaji wenzake watatu, neno kwa neno. Tukampelekea Masinde, naye akatuita sote na Ngatia tukae meza moja. Tulipatana kabla ya chakula cha mchana.

Habari zilitembea. Alikuja muuza mchele kutoka Wang'uru aliyefungiwa duka kwa kufuli akiwa sokoni, na mama wa hoteli kutoka Kangari aliyeambiwa atoke kabla ya Pasaka. Murugi aliondoa mguu kwenye cherehani, akawaeleza basi la kupanda, ofisi ya kuulizia, na karatasi za kubeba. Alikaa katika chumba kile cha kona hadi mwaka wa themanini na mbili, alipohama kwa hiari yake kwenda duka alilojijengea Othaya. Nilimbebea cherehani kwa baiskeli hadi stendi.