Nyuso Zilizokataliwa

Mwalimu mkuu mstaafu alikubali kwenda kwa sharti moja tu: asiulizwe kama amefurahi. Aliyemshawishi ni mdogo wake, nesi mcheshi asiyejua kunyamaza.

"Dada, tangu ustaafu kazi yako ni kugombana na televisheni. Twende basi ukagombane na picha."

Jumba lenyewe la sanaa halikuwa jumba hata kidogo. Ilikuwa nyumba ya fundi wa fremu, na fundi na mkewe walikuwa bado wanaishi humo humo. Kwa miaka mingi watu walimletea picha zao za kuchorwa azitie fremu, na baadhi yao, walipojiona wamekaa vizuri nyuma ya kioo, walizikana wakaenda zao. Fundi hakuwa na moyo wa kuzitupa. Alizitundika sebuleni, zikajaa. Zikahamia kwenye korido, chumbani, mpaka chooni juu ya sinki. Sasa kila Jumamosi aliwafungulia watu mlango. Chini ya kila picha aliweka kadi yenye maneno aliyoyasema mwenye picha siku alipoikataa.

"Shingo yangu si ndefu hivi," alilalamika mwanasheria mmoja. Kadi nyingine ilikuwa ya mke wa mtu: "Mume wangu hajawahi kutabasamu hivi nyumbani. Alikuwa anamtazama nani?"

Nesi alicheka mpaka akaegemea ukuta, fundi akamsihi asimwegemee meneja wa benki.

Mwalimu alipita mikono nyuma, kama anakagua madarasa, hadi akafika jikoni. Mke wa fundi alikuwa akimenya viazi. Na pale, kati ya friji na kabati la vyombo, mwalimu akakutana na mwalimu.

Ilikuwa picha yake mwenyewe. Walimu wenzake ndio waliomchoreshea picha ile alipostaafu. Alikwenda kuichukua kwa fundi, akaitazama mara moja, akasema lake, akaondoka. Wakati huo karakana ilikuwa mjini, na fundi hakuwa na ndevu. Kadi ilisema: "Mwanamke huyu anaogopa. Mimi siogopi."

"Ulijua!" alimgeukia mdogo wake.

"Nilisikia tu," nesi akasema, akijifanya anatazama friji.

Kabla hajapata karipio linalomfaa, waliingia msichana na mchumba wake. Msichana alisimama mbele ya picha, akatulia.

"Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote," alisema. "Angalia macho. Mtu wa hivi unaweza kumwambia chochote."

Mwalimu alikohoa. Hakuna aliyegeuka. Akakohoa tena, kikohozi kilichokuwa kikinyamazisha shule nzima.

"Ni mimi," akasema.

Msichana alimtazama, akaitazama picha, akamtazama tena. "Hapana, bibi," alisema kwa upole, kama anayemrudisha mgonjwa kitandani. "Huyu ni mpole."

Mwalimu, ambaye aliwahi kuikana picha ile, sasa alijikuta anaipigania. Alisimama kando yake, akainamisha kichwa vile vile, akalegeza midomo. Mchumba aliuliza kama bibi anahitaji kiti. Wawili hao wakaaga kwa adabu na kwenda chooni kumwona mganga wa meno juu ya sinki.

"Naichukua!" mwalimu alimwambia fundi aliyekuja mbio kusikia kelele. "Leo hii."

"Ni yako, mwalimu," fundi alisema.

"Si yake!" Mke wa fundi aliweka kisu chini. "Aliikataa. Mimi nimepika naye miaka yote hii. Namsimulia mambo yangu yote, na hajanikatiza hata mara moja."

"Basi kweli si yeye," nesi akasema.

Fundi alijikuna ndevu. Mke wa fundi hakucheka. Alikuwa akimtazama mwalimu kwa makini, kisha picha, akaona kuwa uso ni ule ule.

"Hivi ulikuwa unaogopa nini?" aliuliza.

Lilikuwa swali la mtu aliyekaa na jambo muda mrefu bila wa kumuuliza. Mwalimu alifungua mdomo kusema haogopi. Badala yake akavuta kiti, akaketi.

"Jumatatu," alisema. "Mchoraji alinichora Ijumaa ya mwisho. Watu wanapiga makofi, wanasifu, na mimi nawaza: Jumatatu nikiamka, naamka niende wapi?"

Nesi aliacha kutazama friji, akamsogelea dada yake.

"Na Jumatatu ikawaje?" mke wa fundi akauliza.

"Nilivaa, nikachukua mkoba, nikafika kwenye geti la shule. Mlinzi akanisalimia vizuri sana, kama mgeni. Nikageuka, nikarudi nyumbani."

Mke wa fundi aliivuta sufuria katikati ya meza, akatafuta kisu kingine kwenye droo, akampa. Mwalimu alikipokea, akachukua kiazi, akaanza kumenya, na baada ya muda akaanza kusimulia habari za mlinzi yule. Maganda yake yalikuwa manene mno, lakini mwenye jiko hakumkatiza.