Kumngoja Baba Aseme

Kitu cha kwanza nilichokiona ni viti. Kila kimoja kilikuwa kimekatwa mkono wa upande mmoja, ili mtu aliyepooza ajisogeze na kukikalia bila kunyanyuliwa. Pazia lilikuwa la kijani, na jua lilipopita humo, chumba kizima kilikuwa kama kimezama chini ya maji. Tulikaa duara, watu saba, kama tunaelea.

Baba yangu ni fundi cherehani. Kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia na nusu ya maneno. Mazoezi ya mkono yalikuwa yanakwenda, lakini daktari alisema moyo wake umelala: hataki kula, hataki wageni, hageuki hata nikimwita. Asipoamka huko ndani, alisema, mkono nao utachoka kungoja. Ndiyo maana kila Jumatano tulikwenda kwenye chumba hicho, kwenye kikundi cha watu waliopata kiharusi.

Kikundi kilikuwa na desturi moja. Mtu akitafuta neno, hakuna anayempa. Wote wanatazama mikono yao mpaka alipate, hata kama chai inapoa.

Mimi niliivunja tangu siku ya kwanza. Mshauri anayeongoza kikundi akimuuliza baba habari za wiki, najibu mimi kwamba anaendelea vizuri. Baba akianza "Si...", namalizia kwamba si haba. Jumatano ya nne, dereva mmoja wa lori aliyekaa mkabala wetu, ambaye mguu wake ulikuwa bado haumtii, alinitazama weee, kisha akamgeukia baba. "Fundi, huyu binti umemwajiri lini kuwa msemaji wako?"

Watu wakacheka. Niliinama, uso unawaka. Baba hakucheka. Alianza tena, "Si... sita...", na mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikasema hataki kuchelewa kurudi nyumbani. Akapiga paja kwa mkono mzima.

Mshauri hakunigombeza. Aliniomba tu nihamishie kiti changu nyuma ya baba, mahali asipoweza kunitazama. Kisha akatazama mikono yake, na wote wakatazama mikono yao.

Pazia lilivuta pumzi, likaishusha. Niliyaona maneno ya baba kama samaki wadogo, anayafuata polepole, yanamponyoka, anayafuata tena. Nilijiuma ulimi.

"Sitaki... kuamka," baba alisema. "Asubuhi... nalia. Kabla... huyu... hajaamka."

Hakuna aliyempa pole. Dereva alikuna goti lake.

"Mimi saa kumi na moja," akasema. "Wewe je, fundi?"

"Kumi na moja... na nusu."

"Basi nitakuwa nimemaliza zangu. Nitakupigia simu."

"Na... chelewa... kusema."

"Sema hata mpaka saa nne. Lori lenyewe limeshapewa mtu mwingine, nitakwenda wapi?"

Baba alicheka kwa upande mmoja wa uso. Sikuwa nimeusikia mlio huo tangu siku alipoanguka.

Sasa simu inalia kila alfajiri. Baba anasema neno moja, ananyamaza, anapata lingine. Yule wa upande wa pili hamkatizi. Juzi, baada ya simu, baba aliomba uji mwenyewe, akaumaliza. Mimi huwa nimelala macho wazi, nasikiliza.

Tangu utotoni watu wamenisemea. Shule niliiacha darasa la tano, kwa sababu mwalimu alitaka nisome nimesimama mbele ya wenzangu, na sauti haikutoka. Hata haya sijawahi kuyatoa mdomoni, kwa hiyo nayaandika hapa.

Baba, nilikuwa nakusikia ukilia. Nilijifanya nimelala, kisha Jumatano nawaambia unaendelea vizuri, kwa sababu nilipokusemea watu walinyamaza wakanisikiliza. Nilipenda. Niliogopa kwamba siku utakayopata maneno yako, hakuna atakayetaka kusikia yangu.