Pedali Iliyozama Kwenye Mteremko wa Bwesumbu

Shemeji yangu Onen ni mtu mwema, lakini siku ile nilitaka kumtupa dirishani. Alikuwa ametia maji kwenye breki za gari langu, akanyamaza.

Tulikuwa tunashuka kutoka Bwesumbu, kule juu milimani kwa mama, tumemchukua mdogo wangu Ketura. Ketura ni mke wa Onen. Alipanda huko kusubiri mtoto wake wa kwanza, na alfajiri uchungu ukamshika. Mkunga alisema mtoto amekaa vibaya kidogo, tumwahishe hospitali Kasese. Basi Ketura kalala kiti cha nyuma, Onen kamshika mkono, na mimi Mbambu niko kwenye usukani, kwa sababu taksi ni yangu na simwachii mwanamume yeyote.

Baada ya kona kadhaa pedali ikaanza kubonyea kama sifongo. Sisi madereva wa Bwera pedali tunazijua. Ikishuka polepole chini ya mguu, raba za ndani zimekwisha. Ikibonyea hivi, kuna hewa kwenye mabomba. Lakini hewa imeingilia wapi, na asubuhi pedali ilikuwa nzuri?

“Onen, ile oili ya breki niliyokutuma asubuhi uliinunua wapi?”

Alikohoa. “Shemeji, leo Sabato. Duka yote ilifungwa. Niliweka maji. Kule Mpondwe watu wanaweka, na gari inatembea.”

Inatembea, ndiyo. Kutoka Mpondwe mpaka Kikorongo barabara ni tambarare, utakanyaga breki ukiona nyani tu. Mlimani unakanyaga bila kupumzika, vyuma vinapata moto, na maji ni maji, yakipata moto yanachemka. Kumbe nilikuwa nakanyaga mvuke. Nilimtukana kwa Kikonzo, lugha ya kwetu, halafu nikarudia kwa Kiswahili ili asikose hata neno moja.

Sikumaliza. Pedali ilikwenda mpaka chini na gari likaendelea kushuka. Nikaingiza gia ya kwanza, injini ikalia, nikavuta breki ya mkono, nikausugua ubavu wa gari kwenye ukingo wa udongo mpaka tukasimama. Mbele yetu barabara ilikata kona, na baada ya kona ni bonde. Mungu wangu!

Gia ya kwanza ya gari langu huchomoka isiposhikwa, na breki yake ya mkono ni jina tu. Nikashika gia kwa mkono mmoja, breki kwa mkono mwingine, na mguu nikauacha kwenye pedali isiyo na kitu. Onen akafungua mlango akatafute mawe ya kuzuia magurudumu.

“Usiende,” Ketura akasema. “Anatoka.”

Gari likasogea kidogo. Onen akaangalia mawe ya pembeni, akamwangalia mke wake, akaniangalia mimi. Hasira zangu zote zilikuwa bado kooni, lakini hazikuwa na kazi tena.

“Wewe kamata mtoto,” nikamwambia. “Gari nitakamata mimi.”

Sikuweza kugeuka. Nilimsikia mdogo wangu akisukuma, nikamsikia Onen akimwambia maneno ya kwao ambayo siyajui, kwa sauti ya upole sana. Mikono iliniuma mpaka mabegani. Upepo baridi wa mlimani ulipita chini ya gari, na harufu ya breki zilizoungua ikaanza kupungua.

Ndipo nikasikia kitu chini ya mguu wangu. Pedali ilikuwa inapanda. Nikaikanyaga, ikakataa kwenda chini. Mvuke ulikuwa umepoa, umerudi kuwa maji, na maji huwezi kuyabana. Nilistaajabu mpaka machozi yakanitoka. Maji yasiyojaza hata kikombe cha chai yalikuwa yameshika gari zima mlimani, na mdogo wangu ndani yake. Miaka yote hii nakanyaga pedali kama mtu anayekanyaga mdudu, sijawahi kujiuliza imeshika nini.

Nyuma yangu mtoto akalia.

“Msichana,” Onen akasema, naye analia. “Shemeji, sasa naweza kwenda kutafuta mawe?”

“Nenda.”

“Dada, njoo umwone,” Ketura akaniita.

Niliachia breki ya mkono, nikangoja. Nikaachia gia. Gari halikusogea. Nikageuka kwenye kiti, nikaweka viganja vyote viwili juu ya yule mtoto, palepale kifuani kwa mama yake. Alikuwa wa moto, anateleza, kakunja uso.

“Hasira kama zako,” Ketura akasema.

Onen aliporudi akazuia magurudumu kwa mawe, akaniambia niuondoe mguu kwenye pedali. Ilibidi aniambie mara ya pili.