Neno la Mwisho la Kowsar

Abdille Yahye hakuwa na mama wa kumkumbuka, hakuwa na ngamia hata mmoja, hakuwa na cheti cha shule ya mchana, hakuwa na meno ya juu upande wa kushoto, wala hakuwa na mtoto wa kumwachia jina. Watani wake pale soko la mifugo Garissa waliongeza kwamba hakuwa na haya pia, maana alianza kusoma a, e, i, o, u akiwa na miaka arobaini na mmoja, amebanana na wake za watu kwenye benchi la ngumbaru. Abdille alicheka nao. Mtu mwenye dada kama Weris, alisema, hajapungukiwa na kitu.

Na kweli Weris ndiye aliyemlea. Mama yao alikufa kwa homa upande wa Griftu, wakati wa ukame mkubwa, Abdille akiwa bado ananyonya. Hivyo ndivyo alivyoambiwa tangu utoto. Weris, msichana wa miaka kumi na miwili, alimfunga mgongoni na kumbeba mpaka alipopata miguu yake mwenyewe. Miaka mingi baadaye, ndugu yake alipotamani kusoma, ni yeye aliyeuza samli kumnunulia madaftari. Hata sasa, mzee wa miaka sabini, Abdille hakumwita kwa jina. Alimwita abaayo, yaani dada kwa Kisomali.

Nyumba ya Weris ilikuwa ya vyumba viwili, na huko ndiko walikoletwa akina mama wazee waliolemewa na maradhi. Watoto wao walikuwa na maofisi mjini, au maduka kule Ifo, na hawakuwa na nafasi ya kukaa na mgonjwa mchana kutwa. Weris aliwalisha kwa kijiko, akawageuza wasipate vidonda, akawaimbia. Walipofariki aliwaosha yeye mwenyewe, akawavika sanda, na kabla ya alasiri walikuwa wameshazikwa kama dini inavyotaka. Hakuna aliyeuliza walikufa kwa nini. Watu walisema mzee hafi kwa ugonjwa, hufa kwa zamu.

Abdille naye alikuwa na kazi yake katika nyumba hiyo. Mgonjwa akizidiwa, aliitwa kuandika wasia. Alifika na daftari lake la jalada gumu, rula na kalamu nyekundu ya masahihisho, akakaa karibu na godoro na kuandika kila neno. Alijivunia maandishi yake kuliko kitu chochote. Hakuvumilia kosa la tahajia hata katika wasia wa mtu anayekata roho.

Kowsar alifariki Jumapili asubuhi. Jumatano binti yake Nasteho, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja kwa Abdille kusomewa wasia. Abdille alivaa miwani, akakohoa kidogo, akasoma: mswala uende msikitini, bakuli za shaba zigawiwe wajukuu, ndugu wa Nasteho wasamehewe kwa kutokuja. Kisha akafika mstari wa mwisho, ambao kwa maoni yake ulikuwa mzuri kuliko yote.

"'Halafu akasema abaayo mara tatu, akanyamaza.' Alikuwa anamwita Weris," akaeleza kwa upole. "Wengi humwita hivyo wakifika mwisho. Humwona kama dada yao."

Nasteho hakulia kama Abdille alivyotarajia. Alikunja uso.

"Adeer," alisema, maana alimheshimu kama baba mdogo, "mama hakuwa na dada. Alizaliwa kati ya wavulana sita. Na alimzidi Weris umri. Alimwita kwa jina lake, na siku akichukizwa alimwita yule mtoto. Hebu nione."

Abdille alimpa daftari. Nasteho aliliweka karibu na dirisha.

"Hapa umekata nini?"

"Kosa dogo. Niliongeza herufi mbili mwanzoni, nikasahihisha."

"Uliziongeza, au ulizisikia?"

Nasteho akasoma polepole, akizirudisha herufi zilizokatwa kwa wino mwekundu.

"Waabaayo."

Kila mfugaji analijua neno hilo. Waabaayo ni mti ambao wawindaji wa zamani walichemsha magome yake, wakapaka utomvu kwenye mishale. Ndilo pia jina la sumu yenyewe. Kowsar alikuwa amekusanya pumzi zake za mwisho kusema kwamba amepewa sumu, na Abdille alikuwa amelisikia neno zima, akaliandika zima, kisha akaona haliingii katika sentensi, akachukua rula na kulikata kwa mstari ulionyooka.

Abdille akapekua kurasa za nyuma. Rahmo, abaayo. Mama yake Hanad, abaayo. Bibi mmoja aliyeletwa kutoka Tarbaj, abaayo. Kwa hawa hakuwa amekata kitu, kwa sababu hakuwa hata akisikiliza. Aliandika alichokwisha kukizoea.

Nasteho alifunga daftari. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayesema na mtoto mgonjwa. Alisema angeweza kwenda polisi mwenyewe, lakini angewaambia nini? Kwamba alisoma neno lililokatwa?

"Wewe ndiye uliyesikia, adeer. Wengine wote wako mchangani."

Abdille alimkuta Weris uani akianika godoro. Jumamosi, Weris alisema, jirani yao Ruqiya angemleta mama mkwe wake, mama wa watu amepooza upande mmoja. Alimwomba Abdille ashike ncha ya pili. Wakalitandaza pamoja juani. Ndipo Abdille akamuuliza, bila kuzunguka, Kowsar alipewa nini.

Weris alipapasa godoro.

"Alitamka?"

"Alitamka."

"Ulimi wake ulikuwa mkali tangu ujana," akasema, karibu atabasamu. Kisha akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa. Hakukana. Alisema ni sita, si wanne walio daftarini; wawili waliondoka kabla Abdille hajaitwa, akawataja.

Abdille alimuuliza kwa nini, na alipouliza alikuwa anaomba moyoni asikie jambo lolote la kichaa, ili aweze kusema dada yangu amerukwa na akili. Lakini Weris alizungumza kwa utulivu uleule aliotumia kumfundisha kukama mbuzi.

"Mama hakufa kwa homa," alisema.

Akamweleza. Ngamia wa mizigo walikuwa wamekufa wote, na mama alikuwa na mguu uliovunjika. Watu wazima walishauriana, wakamketisha chini ya mgunga, wakamzungushia matawi ya miiba, wakamwekea kibuyu cha maji, wakaondoka. Mama hakulalamika. Alimwambia Weris amfunge mtoto vizuri asipigwe na jua.

"Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, umelala. Hatukufika mbali, nikasikia fisi. Halafu nikamsikia yeye. Abdille, mtu mmoja tu angempa kitu cha kunywa kabla hatujaondoka, ingekuwa huruma. Hakuna aliyempa. Na hawa nao wameachwa. Wameachwa kwa gari na magodoro mapya, lakini wameachwa."

Abdille alitaka kulia kwa ajili ya mama, na alitaka kulia kwa ajili ya msichana yule wa miaka kumi na miwili, lakini neno la Kowsar lilitangulia.

"Kowsar hakuachwa. Nasteho alikuja kila Ijumaa."

"Ijumaa ni siku moja."

"Kuna aliyekuomba? Hata mmoja?"

Weris alitazama mikono yake. "Hapana."

"Na huyu wa Jumamosi?"

"Nitamtazama macho. Nitajua."

Alhamisi Abdille alikwenda kwa Abdisalam, binamu yao, mtu mwenye neno katika ukoo. Abdisalam alisikiliza mpaka mwisho, akashika ndevu. Alisema wazee wangekaa na familia zile, wangeziomba radhi, na Weris angepelekwa kwa jamaa Griftu amalizie siku zake huko. Jina la ukoo lisiingie kwenye meza ya polisi. Mwanamke wa miaka themanini na ushei kufungwa, ingemfaa nani?

Abdille alihisi kifua kimefunguka. Alikuwa amekuja kutafuta maneno hayohayo. Alikunywa chai yake, akaweka kikombe chini, akainuka kuaga. Mlangoni akageuka.

"Huko Griftu hakuna wazee?"

Abdille akaenda zake. Angeweza kumzuia Ruqiya kwa uongo mmoja wa simu, lakini baada ya Ruqiya angekuja mwingine, na kila jamaa atakayempokea Weris alikuwa na mama.

Ijumaa, baada ya sala, alirudi kwa dada yake na kumwambia kwamba anaandika barua kwa polisi. Hakutaka aisikie kwa askari. Weris alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Vidole vyake havikusimama.

"Niliuza samli upate daftari," alisema.

"Najua, abaayo."

"Basi andika vizuri, wasikucheke." Akatupa jiwe moja dogo kando. "Ila mama usimtie humo. Hao si watu wake."

Aliandika nyumbani, alasiri, jasho likidondoka mpaka akaweka kitambaa chini ya mkono. Aliandika kwa Kiswahili, kwa kuwa mkuu wa kituo alikuwa mtu wa bara, asiyejua Kisomali. *Mimi, Abdille Yahye, ninayajua haya kwa masikio yangu na kwa kinywa cha mwenyewe.* Aliorodhesha majina sita. Alieleza kosa lake la rula, bila kujitetea. Alipoandika *mtuhumiwa ni dada yangu wa tumbo moja*, kalamu ilitoboa karatasi, akalazimika kuanza ukurasa upya.

Kisha akafika mahali pa kueleza sababu. Alijua kwamba hakimu mwenye moyo angesoma habari za mgunga na miiba na kibuyu, na pengine hukumu ingelegea. Alikaa muda mrefu na kalamu juu ya mstari. Mwishowe aliandika: *Sababu anaijua mwenyewe*. Akatia sahihi, jina kamili, na tarehe.

Hakusoma tena kutafuta makosa. Alikunja karatasi mara tatu, akaitia katika bahasha. Ulimi wake ulikuwa mkavu kiasi kwamba gundi haikushika. Alichovya kidole katika kikombe cha maji, akapitisha pembeni mwa bahasha, akaibana mezani kwa kiganja mpaka ikashika.

Abdille alipofika kwa Nasteho, alimkuta mlangoni. Hakumkaribisha ndani, wala Abdille hakutaka kuingia. Alimpa bahasha kwa mikono miwili. Nasteho aliipokea kwa mikono miwili, akasoma anwani, akafunga shela vizuri kichwani, akashuka njia ya kwenda kituoni.