Magharibi na Mpira wa Waridi

Sibtain Gondal hakuwahi kupewa mpira na nahodha yeyote. Aliyempa mpira ni giza. Nasema hivi mimi Tausif, mlinda wiketi wa kriketi, niliyechuchumaa nyuma ya vijiti vya mpigaji miaka mingi nikidaka mipira yake, na anayebisha na aje tubishane.

Hapa Faisalabad, Desemba ikiingia, moshi wa matanuri ya matofali huchanganyika na ukungu, na baada ya Alasiri mpira mwekundu hauonekani. Washa taa zote za uwanja, bado utaona kitu cha kahawia kinakujia, na ukirushiwa kwa kasi saa hiyo unaweza kuokota meno yako kwenye majani. Kwa hiyo waamuzi wana neno lao la tangu enzi. Humwita nahodha, wakamwambia: weka kando warushaji wako wa kasi, lete wa polepole, ama sivyo sote tunatoka. Nahodha anayetaka kushinda afanyeje? Hugeuka, akatazama kule mpakani mwa uwanja, akakumbuka kwamba kumbe ana mtu anaitwa Sibtain.

Ndiyo maana tulimwita Magharibi. Mchana kutwa yuko mpakani akikimbiza mipira ya wenzake, hakuna anayemtazama. Jua likianza kushuka, yeye huyo, anakunja mikono ya shati, anazungusha bega, anasogea ndani kabla hajaitwa. Na alikuwa hatari, wallahi. Alikuwa na vidole virefu kama vya mpiga ngoma za tabla, na mpira aliouzungusha ulitua chini, ukafikiri kidogo, kisha ukaenda usikoutarajia. Lakini nani alijali? Walisema ni giza lililomsaidia.

Akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, nchi ikamwita. Si kwa mapenzi. Mrushaji wa polepole wa timu ya taifa alivunjika kidole, mechi ya Test, ile ya siku tano baina ya mataifa, ilikuwa mjini kwetu, wakachukua aliye karibu. Kidole kikipona, mgeni ashike njia. Mimi nilikuwa kwenye timu ile tayari, na siku alipofika kambini alinivuta pembeni.

"Tausif, nina mechi hii moja tu. Nikiangusha wapigaji, hawatanisahau. Nisipoangusha, nitazikwa na jina la Magharibi."

"Utaangusha, bhai, kaka yangu. Ukungu wa nyumbani unakujua."

Hakucheka. "Ukungu, ukungu! Hata wewe?"

Nilidhani ni utani wa kawaida. Sikujua jina lile lilivyokuwa limemla ndani.

Jioni ya kuamkia mechi tuliitwa chumba cha mikutano cha hoteli. Kocha aliweka mezani mpira wa rangi ya waridi, unang'aa kama kucha za bibi harusi. Akaeleza kwamba mfululizo huu wa mechi ni wa majaribio. Mwanga ukiwa hafifu hatutatoka, wala warushaji wa kasi hawatazuiwa. Mpira mwekundu utawekwa mfukoni, huu wa waridi utaingia chini ya taa, na mchezo utaendelea na mrushaji yeyote yule. Timu ya wageni ilikuwa imekwisha kukubali. Tulibaki sisi.

Rohail, nahodha wetu, ni kijana wa miaka ishirini na sita mwenye maneno laini kama siagi. Yeye anapenda warushaji wa kasi, na mpira ule aliutaka kufa. Lakini hakusema. Kwetu mkubwa ndiye anayefungua mazungumzo, na akishasema, mdogo hafungui mdomo kumpinga. Rohail alilijua hilo vizuri. Tangu Sibtain afike, hakuwa amemwuliza hata kama chai yake ina sukari. Sasa akamgeukia, mkono kifuani.

"Sibtain bhai, humu ndani wewe ndiye mkubwa wetu. Sisi ni wadogo zako. Anza wewe."

Nikamkanyaga Sibtain mguu chini ya meza. Nilimkanyaga kwa kisigino. Akauvuta mguu wake, akasimama.

"Uletwe," alisema. "Mimi nimechoka kuitwa kwa sababu ya giza. Pawe na mwanga mpaka mwisho, kila mtu apimwe kwa kazi yake. Kama mimi si kitu, nijulikane kweupe."

Chumba kizima kikapiga makofi. Rohail alimkumbatia. Hakuna mwingine aliyeulizwa, na nani angethubutu? Kwenye ngazi nikamshika mkono.

"Umejipalia makaa, bhai. Unajua ulichokifanya? Giza ndilo lililokuwa linamlazimisha huyo mtoto akupe mpira!"

"Tangu lini mtu akasifiwa kwa kuwa taa ilizimika? Nataka waniite mchana, Tausif. Mara moja tu, mchana."

"Hawatakuita."

"Basi na tuone."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimwacha aende zake.

Mechi ikaanza, na hali ya hewa ikatufanyia shere. Upepo ulivuma kutoka kaskazini ukafagia moshi wote, na kwa siku nne tukacheza kwenye jua ambalo Faisalabad hailijui majira hayo. Mchana kweupe, kama alivyoomba. Rohail akampa ova mbili, yaani mirusho kumi na miwili tu, kabla ya chakula, ili warushaji wa kasi wanywe maji. Siku ya tatu akampa moja. Siku ya nne hakumpa kitu. Nilikuwa nikimtazama kule mpakani, shati halina hata doa, na nilikuwa na hasira na Rohail, na nilikuwa na hasira zaidi na Sibtain mwenyewe.

Jioni ya siku ya nne nilimkuta amesimama dirishani anatazama mashariki.

"Upepo umekufa," alisema. "Moshi utarudi. Mama anakuja kesho na basi kutoka Chiniot. Nimemwambia afike baada ya Alasiri, atanikuta narusha."

"Bhai, umesahau mpira wa waridi?"

"Sijasahau. Lakini Rohail si kipofu. Katikati ya uwanja pamepasuka kama kisigino cha mkulima, mpira unageuka wenyewe. Hata mjinga atamtaka mtu wa polepole."

Ametukana giza mbele ya watu, na sasa anasimama dirishani analiomba lirudi.

Lilirudi. Siku ya tano, baada ya Alasiri, jua lilikuwa limekuwa kama sarafu kuukuu nyuma ya pazia. Wageni walikuwa wamebakiwa na wapigaji wawili wa kutolewa. Tukiwatoa, tumeshinda. Wakikaa mpaka mwisho, tumetoka sare. Na mpira mwekundu ulikuwa umechakaa vizuri, umekwaruzika upande mmoja, mpira ambao mrushaji wa polepole huuota. Kwenye jukwaa la akina mama nilimwona mama yake Sibtain kwa shali yake ya kijani, chombo cha halua ya karoti mapajani. Watu wa mji wetu wakaanza.

"Magharibi! Magharibi! Mleteni Magharibi!"

Sibtain alikuwa ameshaanza kusogea. Sidhani hata kama alijua anafanya hivyo, miguu ilijiendea yenyewe kama ilivyojiendea miaka yote. Alikuwa anakunja mikono ya shati. Waamuzi wawili wakakutana, wakatoa kipima mwanga, wakakisoma, wakamwita nahodha. Sibtain akafika mpaka pale waliposimama na kunyoosha mkono.

Mwamuzi akautia mpira mwekundu mfukoni. Kutoka nje likaletwa sanduku dogo.

"Mpelekeni bibi harusi kwao!" mtu akapiga kelele jukwaani alipoiona rangi ya mpira, na watu wakacheka.

Rohail aliutupa ule wa waridi kwa Jibran, mrushaji wetu wa kasi. Kisha akauona ule mkono.

"Ah, Sibtain bhai," alisema, kwa ile sauti ya siagi. "Rudi tu pale pale mpakani. Pale unatusaidia sana."

"Rohail, katikati pamepasuka. Nipe ova moja."

"Bhai, si wewe uliyesema? Mwanga upo."

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu, na nilitamani kumpiga kijana yule kofi la mdomo. Sibtain aliurudisha mkono, akaufuta kwenye suruali kana kwamba ulikuwa na jasho, akarudi mpakani huku anakunjua mikono ya shati.

Jibran alimtoa wa kwanza upesi. Wa pili aliugusa mpira kwa gongo lake, ukanijia mimi, nikaudaka. Tukashinda. Niliruka na wenzangu, sitaficha, maana mwili hushangilia kabla ya moyo kuulizwa. Kutoka mpakani naye alikuja mbio kutupongeza, kama inavyotakiwa.

Mbele ya waandishi Rohail alimshika bega. "Wazo la kukubali mpira huu lilitoka kwa mkubwa wetu. Tumeshinda kwa hekima yake." Akampa ule mpira wa waridi, umetiwa saini na sisi sote, na yangu ikiwemo. Kamera zikamulika. Wanasema shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hapigwi picha akitabasamu.

Chumba cha kubadilishia nguo kilipobaki na sisi wawili, aliuzungusha ule mpira kwenye vidole, huku na huku, akitafuta pa kuushika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuujaribu.

"Unateleza," alisema. "Wameupaka rangi mno. Huu usingegeuka hata kwangu."

"Ungegeuka, bhai."

"Usinidanganye, Tausif. Wewe hukuwahi kunidanganya."

Akauacha kwenye benchi. Hatukuuchukua, si mimi wala yeye.

Tulipotoka, adhana ya Magharibi ilikuwa imekwisha na taa za uwanja zimezimwa. Mama yake alikuwa langoni, amekumbatia chombo chake cha halua. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka chini. Niliijua shali yake kwa kuwa niliiona jukwaani, uso sikuuona kabisa.

"Sibtain? Ni wewe?"

"Ni mimi, Amma."

"Nimekaa pale tangu Alasiri, mwanangu, macho kwako tu. Nikaona giza linaingia, nikawaambia wenzangu, sasa mtamwona. Mbona hawakukuita?"

Sibtain alikichukua kile chombo mikononi mwa mama yake, akamshika mkono ili asijikwae.

"Giza halikuingia, Amma," alisema. "Siku hizi haliingii."